Programu za grafiki zipokee namba za Kabambare jinsi zilivyoandikwa

Katika vituo vya afya vya Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, ugonjwa unahesabiwa kwanza kwa kalamu. Mama analeta mtoto mwenye homa na vipele. Muuguzi anaandika jina, umri, kijiji na tarehe ndani ya rejista. Mwisho wa juma anahesabu mistari kwa vijiti, vinne vya kusimama na cha tano cha kuvikata, kisha namba inaanza safari kwenda ofisi kuu ya zoni ya afya: kwa simu ikiwa rezo ipo, kwa SMS, au kwa karatasi anayopewa mtu wa pikipiki. Huko inaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta inachora mstari.

Mstari huo ndio unaotazamwa Kindu na Kinshasa. Ukipanda, watu wanaanza kuuliza: chanjo ziko wapi, nani atume timu, sampuli zimepelekwa maabara au bado? Ukilala chini, macho yanahamia jimbo lingine. Hakuna mkubwa wa Kinshasa anayefungua rejista ya kituo kilicho ng'ambo ya mto Luama. Anafungua grafiki. Kwa hiyo swali linaloonekana kuwa la mafundi wa kompyuta peke yao, yaani programu ya kuchora grafiki inakubali kupewa namba za umbo gani, ni swali la watoto wa Lusangi na Saramabila pia.

Kwanza ieleweke grafiki hizo zinatoka wapi. Fundi anayetengeneza ukurasa wa takwimu haanzi kuchora mistari moja moja. Anachukua kile kinachoitwa maktaba ya programu, yaani kazi iliyokwisha kuandikwa na wengine, anaipa mfululizo wa namba, nayo inachora. RDC inatumia mfumo wa DHIS2, uliojengwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, kwa kukusanya takwimu za afya, na grafiki za mfumo huo zinachorwa kwa maktaba ya Highcharts, kazi ya kampuni ya Norwe. Mashirika yanayotaka ukurasa wao wenyewe huwapa vijana wa Goma, Bukavu au Kinshasa kazi ya kuutengeneza, na vijana hao nao hutumia maktaba kama hizo. Nyingine inayojulikana sana ni Matplotlib, ambayo Mmarekani John Hunter aliianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu alihitaji kutazama mawimbi ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa. Nayo ilizaliwa karibu na kitanda cha mgonjwa, si katika duka la biashara.

Kila maktaba ina mlango wake. Kuna inayokubali orodha ya namba tupu: 4, 7, 2. Kuna inayotaka jozi, tarehe na namba yake. Kuna inayodai jedwali zima lenye majina ya safu, na bila jedwali haichori kitu. Mwenye namba katika umbo lisilotakiwa anaambiwa kuna kosa, au hapewi jibu lolote. Hapo mtu fulani analazimika kukaa chini na kuzigeuza. Nani anageuza? Ndilo swali lenyewe, na jibu la leo ni baya: anageuza yule aliye mbali zaidi na umeme.

Tazama safari ya kugeuza. Muuguzi anageuza majina kuwa vijiti. Anageuza vijiti kuwa namba, na namba kuwa kanevasi ya karatasi iliyopangwa kwa visanduku. Ofisi ya zoni inageuza kanevasi kuwa namba kwenye kompyuta. Mara nyingine shirika linalosaidia linaomba namba zilezile katika faili yake, kwa mpangilio wake, na ripoti inaandikwa tena. Kila hatua ni mahali pa kukosea: 17 inakuwa 71, mstari unarukwa, juma la 12 linaandikwa chini ya juma la 11. Hakuna uzembe hapo. Mwandishi yeyote anayenakili kitu kilekile mara nne, usiku, kwa mwanga wa simu, atakosea.

Kompyuta haichoki kugeuza. Kugeuza orodha kuwa jozi, jozi kuwa jedwali, maandishi kuwa namba, ni kazi inayochukua sehemu ndogo ya sekunde, na fundi akiiandika mara moja inafanyika siku zote. Kumwachia muuguzi kazi hiyo ili programu ibaki fupi na safi ni kupanga mambo kichwa chini.

Kasongo yenyewe ina ushahidi wa namna nyingine ya kufanya. Tangu mwaka 1971 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilisaidia hapo mradi wa kupanga huduma za afya za wilaya, wenye vituo vya afya vilivyo karibu na watu na hospitali moja nyuma yao. Mawazo yaliyojaribiwa Kasongo yalichangia baadaye mpango wa zoni za afya ambao nchi nzima inaufuata hadi leo. Na mwaka 1981 timu ya mradi huo ilichapisha katika gazeti la madaktari la Uingereza, The Lancet, uchunguzi juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wa miezi 7 hadi 35 wa Kasongo. Ulilinganisha watoto waliochanjwa na wasiochanjwa kadiri miezi ilivyopita. Waliochanjwa walibaki hai zaidi, ingawa tofauti hiyo ilipungua watoto walipokua, na wanasayansi wamebishana juu ya maana ya kupungua huko kwa miaka mingi.

Kwa hiyo mji wa Kasongo uliwahi kuufundisha ulimwengu kitu kwa namba zake, na namba hizo zilitoka kwenye karatasi. Wakati ule kituo cha afya hakikuwa na kompyuta, na mama wa kijijini hakuulizwa kama mtoto wake ameandikwa katika umbo ambalo mashine inalipenda. Waliotaka matokeo walikwenda kwenye karatasi na kubeba wenyewe mzigo wa kupanga. Leo mashine zina nguvu mara maelfu kuliko zile za mwaka 1981, lakini mzigo umerudishwa kituoni.

Maktaba nzuri zimekwisha kuelewa jambo hili kwa sehemu. Highcharts inakubali mfululizo wa namba tupu, mfululizo wa jozi, na mfululizo wa vitu vyenye majina ndani yake. Matplotlib inapokea orodha za kawaida, safu za hesabu na safu za jedwali, na inazigeuza yenyewe bila kumsumbua mtu. Mlango mpana unawezekana, basi, na umekwisha kujengwa mahali fulani. Wanaoupunguza ni wale wanaotengeneza kurasa juu ya maktaba hizo na kuandika ndani yake kwamba faili lazima iwe na safu 14, kwa majina haya tu, kwa Kiingereza tu.

Hata hivyo mlango mpana una hatari zake, na anayeutetea bila kuzitaja anadanganya watu. Hatari kubwa iko katika ile orodha ya namba tupu ambayo kila mtu anaiona kuwa rahisi.

Chukua mfano wa kubuni, lakini wa aina inayoweza kutokea juma lolote. Kituo kimoja katika teritware ya Kabambare kinaona watoto wanaoshukiwa kuwa na surua: wawili juma la kwanza, mmoja juma la pili, wawili juma la tatu, mmoja juma la nne. Jumla 6. Kanuni inayotumiwa na nchi za Afrika pamoja na Shirika la Afya Duniani, OMS, inasema kwamba wagonjwa 5 wanaoshukiwa katika mwezi mmoja, mahali pamoja, ni dalili ya mlipuko: sampuli zichukuliwe, uchunguzi ufanyike. Lakini juma la tatu mvua ilinyesha, pikipiki haikupita, ripoti haikufika. Ofisini zimeingia namba tatu: 2, 1, 1.

Programu ikipewa orodha hiyo tupu, itaziweka namba mahali pa kwanza, pa pili na pa tatu. Ndivyo Highcharts inavyofanya bila kuambiwa vingine: inahesabu mahali yenyewe, moja baada ya nyingine. Juma la nne linahamia kwenye nafasi ya juma la tatu, na kwenye grafiki hakuna pengo lolote. Mstari unashuka vizuri, umetulia. Jumla ni 4, kanuni ya 5 haijafikiwa, na mtazamaji wa Kindu anafunga kompyuta akiwa na amani. Kumbe watoto wawili wa juma la tatu wamebaki kwenye rejista, na majirani zao wanazidi kuambukizwa.

Lakini programu ikipewa jozi, juma pamoja na namba yake, pengo linaonekana. Na ikipewa alama ya kusema «hapa hakuna taarifa», Highcharts inaukata mstari na kuacha nafasi wazi. Mstari uliokatika unaudhi macho, na unapaswa kuudhi, maana unamlazimisha mtazamaji kuuliza kulikuwa na nini.

Msimamo wa busara ni huu basi: programu ipokee maumbo mengi, lakini isipokee mfululizo wowote wa ugonjwa usio na tarehe. Umbo la namba liwe huru, wakati wake usiwe huru.

Linalofuata ni zero, na ugomvi wa zero katika ripoti za afya za Congo ni wa zamani. Muuguzi ambaye hakuona mgonjwa wa surua juma hilo anaweza kuandika 0. Mwingine anaweka kistari. Mwingine anaandika RAS, kama alivyofundishwa shuleni: hakuna cha kuripoti. Mwingine anaacha kisanduku wazi kwa sababu kwake wazi ni wazi. Na yule ambaye hakufanya kazi juma hilo, kwa sababu wakaaji wa kijiji walikimbilia porini naye akakimbia pamoja nao, kisanduku chake kiko wazi vilevile.

Kwa watu wa Kabambare mfano huo si wa nadharia. Kando ya mgodi wa dhahabu wa Namoya, huko Salamabila, wanamgambo wa Maï-Maï wamepigana na jeshi mara nyingi, na kampuni ya Banro ilisimamisha kazi huko mwaka 2019. Vijiji vikihama, kituo kinanyamaza. Mfumo usiojua tofauti kati ya kunyamaza na zero utachora juma la vita kama juma la afya njema. Ni kichekesho kibaya: mahali panapowaka moto panaonekana pamepona.

Programu zenyewe hazijalimaliza jambo hili. DHIS2, kwa mpangilio wake wa mwanzo, haihifadhi zero; lazima msimamizi aamue, kwa kila kitu kinachohesabiwa, kwamba zero yake ina maana na ihifadhiwe. Waliofanya hivyo walitaka kuokoa nafasi, maana ripoti nyingi zimejaa zero. Kwa kuhesabu vitanda inaweza kufaa. Kwa surua, kipindupindu na polio haifai, kwa sababu zero iliyoripotiwa ni kazi ya muuguzi aliyetazama na hakuona, na kazi hiyo isifutwe.

Na ile RAS? Hapa wapo wanaodai kwamba maktaba kama Highcharts ielewe kila kitu. Wanakosea. Fundi wa Norwe hawezi kujua RAS ni nini kwa muuguzi wa Kunda, na asilazimishwe kujua. Hiyo ni kazi ya fundi wa hapa, anayekaa kati ya maktaba na kituo. Yeye anajua RAS, anajua kistari, anajua kwamba «S12» kwenye karatasi ni juma la 12, ingawa DHIS2 katika faili zinazoingizwa inataka iandikwe 2025W12. Mistari michache ya programu inatosha kugeuza S12 kuwa 2025W12. Akishindwa kuiandika na badala yake akatuma barua kwa zoni 18 za jimbo akiwataka wabadili kuandika, amehamisha dakika 10 za kazi yake kuwa miaka ya kazi ya wengine.

Baada ya RAS inakuja koma, tena kwa hasira. Congo inaandika namba kwa desturi ya Kifaransa: mtoto ana uzito wa kilo 7,5. Programu nyingi zinaandika 7.5, na faili nyepesi inayotumiwa zaidi kubeba takwimu inatenganisha safu kwa koma. Ipe 7,5 bila kuilinda na itasoma vitu viwili: 7 katika safu ya uzito, na 5 imesukumwa kwenye safu inayofuata, labda ya umri. Mtoto wa kilo 7 na nusu amekuwa mtoto wa kilo 7 mwenye miezi 5. Tarehe nazo zina shida ya namna hiyo. Muuguzi akiandika 03/04, amesema tarehe 3 Aprili. Mashine iliyopangwa kwa desturi ya Marekani inasoma tarehe 4 Machi, na haioni kosa lolote.

Kibaya zaidi ni programu inayokubali kwa upole na kuchora uongo. Matplotlib ina tabia moja ambayo kila fundi kijana anapaswa kuijua kabla ya kugusa takwimu za wagonjwa. Ikipewa namba zilizoandikwa kama maneno, jambo linalotokea mara nyingi faili ikisomwa vibaya, haizikatai. Inazichukua kuwa majina na kuyapanga kwa mfuatano wa kufika kwake. Mpe «40», «5», «2», yaani ugonjwa unaoisha, na atapata mstari ulionyooka unaopanda, maana «40» limekuwa jina la kwanza chini, «5» la pili, «2» la tatu juu. Grafiki nzuri, yenye rangi, na imegeuzwa miguu juu. Mtu akisoma alama za pembeni atashtuka. Lakini nani anasoma alama za pembeni katika mkutano wa saa 2 asubuhi?

Wapinzani wa mlango mpana wanashika mifano kama hii na kusema: mnaona, programu ikikubali kila kitu itakosea kimya, afadhali ikubali umbo moja tu na kukataa mengine kwa sauti. Hoja yao ina nguvu. Wanaongeza kwamba kila umbo jipya linalokubaliwa lazima lipimwe katika kila toleo jipya, milele, na kwamba maktaba nyingi zinatunzwa na watu wachache wanaojitolea. Ni kweli pia.

Lakini mfano mkubwa wa miaka hii unaonyesha kwamba ukali wa umbo moja hauokoi mtu. Mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba 2020, Uingereza ilipoteza kwa siku kadhaa wagonjwa 15 841 wa Covid-19 katika hesabu zake za kila siku. Maabara zilituma majibu, na yalipokusanywa yaliwekwa katika umbo la zamani la faili ya Excel, ambalo haliwezi kupita mistari 65 536. Yaliyozidi yalikatwa. Hakuna aliyepigiwa kengele. Nchi tajiri, yenye umeme usiku na mchana, iliangushwa na sanduku dogo. Umbo lilikuwa moja na lilijulikana. Shida ilikuwa kukata kimya kimya.

Wanasayansi wa vinasaba walikutana na jirani wa shida hiyo: Excel ilikuwa ikigeuza majina ya vinasaba kama SEPT2 kuwa tarehe ya mwezi wa Septemba, hadi mwaka 2020 majina ya vinasaba hivyo yakabadilishwa rasmi. Wanasayansi wa dunia nzima walishindwa na programu ya ofisi na wakabadilisha majina ya vitu vyao. Muuguzi wa Samba atashinda vipi?

Kwa hiyo kupokea na kukisia ni mambo mawili, na ugomvi wote unatokana na kuyachanganya. Mlinzi mzuri wa mlango anamkaribisha mgeni aliyevaa nguo yoyote, lakini akiwa hajui jina lake anauliza. Programu ipokee orodha, jozi, jedwali, faili ya karatasi iliyonakiliwa, ujumbe wa SMS. Ikiona 7,5 na kuwa na shaka, iseme: nimeona 7,5, je, ni kilo saba na nusu? Ikiona 03/04, ioneshe «3 Aprili» kwa maneno kabla ya kuhifadhi. Ikiona juma halipo, iache pengo na kulihesabu. Ikikataa kitu, iseme ni mstari gani na kwa nini, kwa Kifaransa au Kiswahili, si kwa lugha ya kosa namba fulani.

Vifaa vya kufanya hivyo havihitaji kubuniwa upya. DHIS2 ina njia ya kupokea ripoti kwa SMS zenye maneno mafupi, na ina programu ya simu inayofanya kazi bila rezo na kutuma baadaye rezo ikirudi. Inapokea faili za namna kadhaa. Milango ipo. Kuifungua na kuiweka katika hali ya Kasongo ni uamuzi wa watu, si suala la teknolojia.

Watu hao wanajulikana. Wizara ya afya na divisheni yake ya jimbo, Kindu, ndizo zinazosema ripoti ionekane namna gani. Mashirika yanayolipia kurasa za takwimu ndiyo yanayoandika masharti ya kazi, na masharti hayo kwa kawaida yanaeleza grafiki ziwe na rangi gani na ukurasa ufunguke kwenye simu. Umbo la namba zinazoingia halipati hata aya moja. Liwekwe. Iandikwe kwamba gharama ya kugeuza itabebwa na programu, na kwamba fundi hatalipwa malipo ya mwisho mpaka ukurasa wake upokee ripoti halisi za wiki kadhaa bila mtu kuzinakili upya.

Vijana wa kompyuta nao wana sehemu yao. Wengi wamejifunza kwa mifano ya nje, ambamo namba zinakuja safi, zimepangwa, hazina pengo. Mifano hiyo inawafanya waone ripoti ya Kabambare kuwa chafu. Si chafu. Ni ripoti iliyoandikwa na mtu mwenye wagonjwa 30 mlangoni, na ina habari ambazo faili safi haina: kistari, neno RAS, maneno ya pembeni kwamba «daraja limevunjika» au «watu wamekimbia». Programu inayotupa maneno ya pembeni kwa sababu si namba inatupa maelezo ya pengo.

Wengine watasema kwamba kuna mahitaji makubwa zaidi: dawa, mishahara ya wauguzi, barabara. Ni kweli, na grafiki haitibu mtu. Lakini dawa na chanjo zinagawanywa kwa kutazama grafiki. Katika mlipuko wa surua ulioikumba RDC tangu mwanzo wa mwaka 2019, OMS ilihesabu hadi Januari 2020 zaidi ya watu 6 000 waliokufa na karibu wagonjwa 310 000 walioshukiwa. Hao ni walioingia katika hesabu. Kila kituo ambacho namba yake ilikwama njiani kilikuwa na wagonjwa wake nje ya hesabu hiyo, na jumla ya nchi haiwezi kuwataja.

Jambo moja tena halizungumzwi: grafiki hairudi kituoni. Muuguzi anatuma namba kila juma na haoni mstari wake. Angeuona, angekuwa wa kwanza kugundua kwamba juma la tatu limepotea, maana rejista iko mbele yake. Hakuna fundi wa Kinshasa anayeweza kulirekebisha pengo hilo haraka kama yeye, kwa kupiga simu moja. Picha ndogo ya mstari, inayotumwa kwenye simu ya kituo rezo inapopatikana, ni nyepesi kuliko video yoyote ambayo watu wanatumiana kila siku.

Kabla ya mkataba unaofuata wa ukurasa wa takwimu za Maniema, divisheni ya afya inaweza kufanya jambo la bei nafuu sana. Iombe nakala za ripoti za juma kutoka zoni sita za kusini: Kasongo, Kunda na Samba kwa upande mmoja, Kabambare, Lusangi na Saramabila kwa upande mwingine, majina ya wagonjwa yakiwa yamefichwa. Isichague zilizo nadhifu. Zije na vijiti vyake, RAS zake, koma zake na majuma yake yaliyopotea. Fundi yeyote anayetaka kazi apewe bahasha hiyo siku ya kwanza, na siku ya mwisho aonyeshe mbele ya waganga wakuu wa zoni hizo sita grafiki iliyotoka humo, pamoja na mapengo yake.